Sukari ya Watoto wa Secilia

Mdogo wangu Secilia alipokuja kunitembelea Mlola, Desemba ya mwaka sabini na sita, alishuka kwenye basi na watoto wawili, miche sita ya sabuni, mikate minne iliyoanza kukauka, na mdomo wake. Mikate iliisha siku ileile. Sabuni ilifika Krismasi. Mdomo haukuisha.

"Dada, ndiyo huku?" aliniuliza pale stendi, akiangalia migomba na ukungu uliokaa mabondeni. "Ulikimbia mlima wa kwetu ukaja kujitia kwenye mlima mwingine?"

Nilicheka, maana hakukosea. Sisi ni Wataita wa Bura, upande wa Kenya. Mwaka sitini na tano nilimfuata Hezekia, Msambaa aliyekuwa akikata mkonge kule Mwatate, na wakati ule mpaka ulikuwa kijiti na askari mmoja anayesinzia. Hakuna aliyeniambia kwamba nahamia nchi ya watu. Nilijua naenda kwa mume. Kwamba niko ugenini nilikuja kujifunza polepole, kwa midomo ya majirani: kwanza nilikuwa "yule Mtaita", kisha "yule Mkenya", na Ujamaa ulipopamba moto nikawa "yule wa kwa manyang'au". Walisema kwa utani, lakini ni utani ambao sikuweza kuurudisha.

Jina langu ni Efrazia, ila Mlola nzima hapakuwa na mtu aliyelitumia. Huku mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa na sikuwa na mtoto, kwa hiyo niliitwa mke wa Hezekia. Hezekia mwenyewe hakunisimanga hata siku moja, na nitamsifu kwa hilo mpaka kaburini. Lakini kila nilipoitwa hivyo kisimani nilijua nimekumbushwa.

Basi mjue nilivyowapokea wale watoto. Marta alikuwa na miaka mitano, mwembamba, mwingi wa maswali. Fanueli alikuwa na miwili na bado ananyonya. Tuliwapa wageni kitanda chetu, sisi tukalala jikoni kwenye mkeka. Fanueli akakojolea godoro la majani usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, nami kila asubuhi nikalianika huku naimba. Marta alimtimua kuku wangu aliyekuwa ameatamia mpaka mayai yakaharibika, akamwaga debe la unga, akala mapeasi mabichi akaharisha siku mbili. Sikumkaripia. Secilia akasema nitamharibia mtoto. Nikamwambia mtoto haharibiki kwa mwezi mmoja.

Kitu kimoja tu kilinitesa, nacho ni sukari. Mwaka ule ilikuwa ya mgao. Ililetwa duka la kijiji mara moja kwa mwezi, robo kilo kwa kila kichwa, na vichwa vilisomwa kwenye daftari la balozi wa nyumba kumi. Nyumba yetu ilikuwa vichwa viwili. Watoto wa Secilia, ambao baba yao alifanya kazi ya reli kule Voi, walizoea chai ya maziwa yenye sukari tele, na akiba yangu waliimaliza kwa siku nne. Siku ya tano Fanueli alionja chai, akaitema, akakisukuma kikombe mpaka kikaanguka. Marta akauliza kwa adabu kabisa, "Mama mkubwa, sukari yenu imekwenda wapi?"

"Kwetu wanasema nyie huku mnakula siasa," Secilia akasema.

"Na sisi tunasema nyie mnakulana," Hezekia akamjibu. "Heri siasa, shemeji."

Walicheka wote wawili. Kisha Secilia akaninong'oneza, "Usijisumbue, dada. Watazoea." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. Angenisema kwa ubaya ningempa yake. Mgeni akianza kukuhurumia ndani ya nyumba yako mwenyewe, umebakiwa na nini? Nilikwenda nyuma ya banda la mbuzi nikalia, nimekasirikia Serikali, na Secilia, na chai yenyewe.

Hezekia aliniona. Alivaa koti lake la kanisani akaenda kwa balozi.

Balozi wetu alikuwa Mzee Mbaraka, mkulima wa kabichi, Mwislamu mcha Mungu ambaye hakuuomba ubalozi. Alibebeshwa kwa kuwa alijua kusoma. Sheria ilikuwa kwamba mgeni akilala zaidi ya siku tatu balozi aarifiwe, na Hezekia alikwenda kuarifu. Aliporudi alikuwa anajizuia kucheka. Mzee Mbaraka amemwandika Secilia mgeni, kama inavyotakiwa, na mgeni hana mgao. Lakini watoto ni watoto, alisema mzee, akawaandika chini ya jina la mume wangu: Marta Hezekia na Fanueli Hezekia, wazaliwa wa Mlola.

"Nilimwambia nahofia," Hezekia akanisimulia. "Akanijibu, 'Mgosi, kila nyumba kati ya kumi zangu ina mtoto wa daftari. Nyumba ya tatu wana pacha ambao sijawahi kuwaona. Wenu angalau wana miguu.'"

Siku mbili kabla ya Krismasi sukari ikaletwa. Tulipanga mstari. Muuza duka, Mwanahawa, alifika kwenye ukurasa wetu, akasoma, akainua macho. "Mama Marta!" akaita. Nikageuka nyuma kumtafuta huyo Mama Marta. Wanawake wakaangua kicheko. "Ni wewe, mwenzetu! Njoo uchukue kilo yako."

Nilichukua kilo nzima ya sukari na kurudi nayo kwa njia ndefu, nikilirudiarudia lile jina. Sina haja ya kujificha. Sukari niliwapa watoto. Jina nikajiwekea mwenyewe.

Krismasi ilipita vizuri. Januari ilipofika katikati Marta akashikwa na surua. Fanueli alikuwa ameshaiugua mwaka uliotangulia, kwa hiyo yeye hakuguswa. Tukamlaza Marta ndani, gizani, kwenye nguo laini. Wiki hiyohiyo ikaja barua ya Danieli, mume wa Secilia: lile shirika la reli la nchi tatu linavunjika, wafanyakazi wanahamishwa, hajui atapelekwa kituo gani, mkewe arudi upesi.

Sasa, huku milimani mtoto mwenye surua havushwi mto. Anakaa ndani mpaka vipele vikauke na ngozi ibambuke, kisha mwanamke mtu mzima wa nyumba ile anamwogesha maji ya majani na kusema, "Ametoka." Akivushwa mto kabla ya neno hilo, surua inarudi ndani, na ikirudi ndani inaua. Mama mkwe wangu alizika wawili waliovushwa. Secilia hakubishana nasi hata kidogo, maana hata Bura tunaamini vivyo hivyo. Mtu mzima wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Jumapili jioni, Secilia akiwa amefunga mizigo ya kuondoka kesho yake, nilimwogesha Marta. Ngozi ilikuwa imebambuka yote. Joto lilikuwa limeshuka siku tatu. Alikuwa amekula ndizi mbili na ananiuliza kwa nini majani yananuka. Secilia akasimama mlangoni, Fanueli kiunoni.

"Vipi, dada? Ametoka?"

"Bado," nikasema. "Vipo nyuma ya masikio."

Neno moja. Sikulipanga. Lilitoka, na likishatoka sikulirudisha. Nilitaka wiki mbili. Wiki mbili za kuitwa Mama Marta huku mtoto mwenyewe nimemshika mkono, kisha Hezekia angempeleka mpaka Taveta, ng'ambo ya mpaka, mama yake angempokea, yangekwisha. Nilijiuliza nani amewahi kuiba mtoto kwa wiki mbili, nikajijibu hakuna, nikalala vizuri.

Secilia aliondoka Jumatatu na Fanueli mgongoni. Alichuchumaa mbele ya Marta pale uwanjani. "Umsikilize mama mkubwa," akamwambia. "Kila atakalokwambia, fuata. Mimi nitakungoja Taveta." Marta aliitikia kwa kichwa, kipande cha muwa mdomoni. Hakulia. Secilia ndiye aliyelia, njia nzima mpaka stendi.

Hezekia alipanga safari ya Jumatatu, tarehe saba Februari. Ijumaa, tarehe nne, tulikuwa kwa Mzee Mbaraka tunasikiliza redio, na redio ikasema mpaka wa Kenya umefungwa. Tulitazamana. Mzee Mbaraka akasema ni ugomvi wa mtu na jirani, utaisha baada ya siku mbili. Kesho yake Chama kipya cha kuongoza nchi kikazaliwa, na Mlola nzima ikatoka kucheza. Ng'ombe akachinjwa, wanafunzi wakaimba, ngoma zikalia mpaka jua linazama. Nilisimama kando nimembeba Marta mgongoni, naye akipiga makofi. Sikumlaumu mtu kwa kucheza. Ila mimi sikucheza, na nilijua kwa nini.

Siku mbili zikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Machi likaja tangazo kutoka wilayani: watu wa upande wa pili waliokwama waje na barua ya balozi, wataandikishwa na kusafirishwa mpaka mpakani. Nilikwenda mbio kwa Mzee Mbaraka. Nilimkuta anapalilia kabichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Marta."

"Nimekuja kwa hilohilo jina. Niandikie barua kwamba Marta ni mtoto wa mdogo wangu."

Aliweka jembe chini. "Mwanangu, sikatai. Lakini Alhamisi anakuja mkaguzi. Wamehesabu huko juu wakaona kijiji hiki kina watoto wengi kuliko wanawake wa kuwazaa. Nikiandika leo kwamba Marta si wenu, wataniuliza kwa nini daftari linasema ni wenu. Wakiufunua ukurasa wa Hezekia, watafunua na zile nyingine tisa. Siku hizi jambo hilo wanaliita hujuma. Mimi mzee nifungwe, haidhuru. Ila nyumba kumi zitakatwa mgao, na mwezi huu si sukari tu, ni unga." Alikuwa ananiambia haya akiangalia kabichi, si mimi. "Mpite ukaguzi kwanza. Ukishapita, barua nitaiandika kwa mkono wangu."

Nilipotoka pale majirani walikuwa wamesimama milangoni. Hakuna aliyenitisha. Waliniamkia tu kwa upole, mmoja baada ya mwingine, Mama Marta, Mama Marta, na watoto wao wa kweli wameshika nguo zao. Ningefanya nini?

Basi Jumatano tulimkalisha Marta jikoni. Hezekia akajifanya mkaguzi, mimi nikashika kopo la sukari.

"Mama yako nani?"

"Mama Secilia."

"Hapana. Mama yako ni Mama Efrazia. Haya, mama yako nani?"

"Mama Efrazia."

Nikamtilia sukari kidogo kiganjani. Akailamba.

"Na Secilia ni nani?"

"Mama."

"Mama mdogo," nikasema mimi. "Secilia ni mama mdogo."

Alifuta kiganja kwenye gauni. "Mama alisema nikusikilize," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Nitasema hivyo mpaka lini?"

"Mpaka mimi nitakapokwambia basi."

Hilo lilimtosha. Tulirudia mpaka kopo likabaki chini kabisa, na mpaka Hezekia akasimama ghafla akaenda nje. Nilimsikia anapasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Mkaguzi alikuja na suti ya chuenlai, ile ya viongozi, na peni nyekundu, akawekewa meza uwanja wa shule. Zile nyumba nyingine ziliazima watoto huku na huku. Wengine walipita mbele ya meza ile mara mbili kwa majina mawili. Ilipofika zamu yetu Marta alinyoosha gauni lake, akabana visigino, akasimama kama wanavyosimama wanafunzi. "Mama yangu ni Mama Efrazia," akasema bila kuulizwa mara mbili. "Mama Secilia ni mama mdogo. Anakaa mbali." Hilo la mwisho aliliongeza mwenyewe. Kisha akageuza shingo akaniangalia, macho yameuliza: nimesema vizuri? Nikaitikia kwa kichwa. Mkaguzi akatia alama nyekundu na mhuri.

Mzee Mbaraka alitimiza ahadi. Barua aliandika, na mimi nikashuka nayo Lushoto, Marta mkononi. Karani aliisoma, akaenda kabatini, akarudi na orodha yenye mhuri. "Mama," akasema, "mtoto huyu amehakikiwa wiki iliyopita. Amehojiwa mwenyewe kwa kinywa chake. Nishike karatasi ipi? Ya balozi aliyeandika hivi, au ya balozi yuleyule aliyeandika vile? Mmoja wao mwongo, na mwongo nitamfungulia mashtaka. Unataka niendelee?" Nilimfikiria Mzee Mbaraka na jembe lake. Nikasema hapana. Gari la waliokwama liliondoka Ijumaa ile na familia mbili na mtawa mmoja. Tulilitazama likishuka kona za kwenda Mombo.

Hezekia hakukubali. Mwaka uliofuata, kiangazi, alimchukua Marta wakashuka kwa miguu hadi Mnazi, kule nyikani, apate kuvuka pori kama wazee walivyovuka zamani wakienda Utaita kuuza tumbaku. Walirudi siku ya tatu, miguu imevimba. Watu wa Mnazi walimweleza kuhusu askari wa doria, na kuhusu mwanamume aliyeliwa na simba mwezi uliotangulia. "Sitampeleka mtoto wa watu kwa simba," akasema, akakaa kizingitini, akafunika uso. Tangu siku ile kifua chake hakikuwa sawa, na hatukujaribu tena.

Barua za Secilia zilikuja mara mbili au tatu kwa mwaka, zimezunguka nchi nisizozijua, zimefunguliwa na kufungwa. Mwambie Marta mama yake anamsalimu. Mwambie Fanueli ameanza shule. Nilimsomea Marta kwa sauti: mama mdogo anakusalimu. Mwanzoni nilifanya hivyo kwa woga, maana watoto husema shuleni, na daftari lilikuwa bado kwa balozi. Hezekia alinionya tusilegeze. Kisha sijui ni mwaka gani woga uliisha nami nikaendelea. Hilo sikumsingizia mtu. Marta aliacha kuuliza alipokuwa darasa la pili. Alijifunza Kishambaa kuliko mimi, aliteka maji, alinichana nywele Jumapili, na njia nzima niliitwa kwa jina lake. Nilikuwa na furaha. Niliamka kila siku na furaha hiyo na kila siku ilinichefua.

Barua moja, ya mwaka themanini, ilikuwa na mstari mmoja tu chini ya salamu. Dada, ile surua ilitoka lini? Sikuijibu. Niliiweka chini ya godoro, na sijawahi kulala vizuri juu ya godoro lile.

Mpaka ulifunguliwa Novemba ya mwaka themanini na tatu. Mzee Mbaraka alikuwa ameshakufa. Hezekia alikuwa haamki bila kukohoa, akasema niende mimi, maana mimi ndiye niliyepokea. Secilia aliandika kwamba atangoja Taveta. Nami nikamwandikia siku na saa. Marta alikuwa amekaribia miaka kumi na miwili, mrefu, bado mwembamba, maswali yameisha.

Kwenye basi aliniuliza jambo moja tu. "Tunaenda kwa nani?"

"Kwa Secilia," nikasema. Sikuongeza neno mbele ya jina wala nyuma yake.

Akageukia dirishani.

Nilijua nadaiwa nini. Neno moja fupi, "basi", nililomwahidi siku ya kopo la sukari, kama lile jingine fupi nililolisema siku ya kuogesha. Nilisema nitamwambia tukifika Mombo. Mombo tulinunua machungwa. Nikasema Same, maana Same basi linasimama muda mrefu. Same alikuwa amelala begani mwangu, na nani anamwamsha mtoto aliyelala? Moshi kulikuwa na kelele. Kutoka Moshi mpaka Holili, pale mpakani, nilihesabu nguzo za simu na kila nguzo niliipa ahadi. Nilikuwa na miaka sita na miezi tisa ya kulisema, kisha siku nzima, kisha mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka kizuizi kimoja mpaka cha pili, vumbi na jua, watu wamebeba magodoro na kuku, wanalia na kukumbatiana pande zote. Nilimshika mkono. Sikusema.

Nikamwona Secilia kabla hajatuona. Nywele zilikuwa zimeingia mvi na hajatimiza miaka thelathini na tano. Kando yake kijana wa miaka minane, ambaye ni Fanueli, amevaa viatu. Alipotuona alianza kukimbia, kisha akapunguza, kisha akawa anatembea, kwa sababu Marta hakuwa anakimbia.

Pembeni mwa njia palikuwa na meza. Ofisa mwenye sare alikuwa amekaa hapo, daftari kubwa limefunguliwa mbele yake, peni mkononi, anauliza kila apitaye jina lake na anayemfuata ni nani. Marta aliiona ile meza. Nilihisi mkono wake unatoka ndani ya wangu. Alinyoosha gauni. Alibana visigino.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema, kwa sauti iliyo wazi, sauti ya kusikika mpaka mezani.

Secilia alisimama. Mikono yake ilikuwa imeshafunguka. Ofisa aliinua macho kwenye daftari akatutazama wanawake wawili, akingoja. Secilia akanitazama mimi, na nikaona kwamba anangoja pia, kwamba ananipa nafasi niliseme mimi, mtu mzima wa nyumba ile. Neno lilikuwa mdomoni. Niliionja ladha yake.

Secilia aliteremsha mikono yake polepole.

"Marahaba," akasema.

Marta akageuza shingo akaniangalia. Yalikuwa macho yaleyale ya uwanja wa shule, ya mtoto wa miaka mitano, hayajasahau kitu, yananiuliza kama amesema vizuri.

Nikaitikia kwa kichwa.